Nani Atatoa Mawe

Riziki, mtoto niliyembeba mgongoni nikishona,

Usishangae kuona Kiswahili changu kimevaa viatu leo. Cha mdomoni unakijua, kile chetu cha Bukavu. Nikishika kalamu kinakuja kile cha Biblia, na siwezi kukizuia. Ukifika mahali ukaona nimeandika vile tunaongeaga nyumbani, ujue hapo nimeisahau kalamu.

Niko ndani ya karavani yako. Mvua inanyesha. Wewe umeenda Rwimbogo kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hatakuachia njia mpaka umemaliza sahani ya pili, kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kwenye benchi la nyuma, meza nimeikunjua, na papa yako ameshapita hapa dirishani na mwavuli akijifanya anatafuta nyundo. Nyundo iko kwenye mfuko wa koti lake. Naiona.

Jana ulisema neno. Ulikuwa umefunga taa ya mwisho ya nyuma, ukapiga bati kwa kiganja, ukasema imeisha, kesho kutwa Papa anaazima pikapu ya bosi wake na mnaivuta mpaka Bugarama. Halafu ukanigeukia mimi, ukaonyesha yale mawe mawili yanayozuia magurudumu yasibingirike. "Maman, mawe ya ku mapine utatoa ni weye. Kama hautatoa, mi siendi."

Nikasema naenda kuangalia maharagwe. Hakukuwa na maharagwe motoni. Nilisimama jikoni nikiangalia jiko limezima, nikakusikia huko nje unakusanya vyombo vyako polepole, unanisubiri. Baadaye papa yako alikuja akasema, "Mjibu mtoto." Nikamwambia ulikuwa unatania. Akasema, "Hakutania, na wewe unajua."

Najua. Basi hii ndiyo barua ya kukujibu. Jibu lenyewe liko mwisho, usirukie.

Sitaandika juu ya chakula wala maji ya kuchemsha. Bugarama unaijua kuliko mimi, umefanya kazi kule, umelala kule, umepigwa na jua la kule mpaka ukarudi mweusi tii na meno meupe. (Chandarua kiko ndani ya kapu la kijani. Haya, nimenyamaza.) Nitakuandikia makosa yangu, maana mazuri yangu nimeshakusimulia mara nyingi mno, na mengine niliyaongezea chumvi.

Unakumbuka karavani ilivyoingia hapa kiwanjani? Ile nyumba ya wageni ya kando ya ziwa ilikuwa imepata mwenyewe mpya, naye alitaka nyuma pake pasafishwe. Wewe ulikuwa umeitwa kuchomelea geti. Ukakuta huko nyuma, ndani ya majani, nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili. Wazungu walikuja wakiivuta kwa gari zamani, ekseli ikavunjika, wakasema watarudi kuichukua. Kuku ndio waliorudi. Ulisahau geti, ukakimbia nyumbani macho yanang'aa. "Maman! Bananipatia nyumba ya kutembea! Bure, tuiondoshe tu!" Nikakuuliza kama umelewa.

Ilipovutwa mpaka hapa Kamembe, batoto wote wa mtaa waliifuata wakiimba. Maman Zawadi jirani alitoka na mwiko mkononi, akashika pua. "Ekeh, Maman Riziki! Munafuga kuku ama munafuga wazungu?" Nilicheka kwa adabu tu. Ile harufu ilikaa kwenye nguo zetu, kwenye mashine yangu ya kushonea, hata mteja mmoja aliyeleta kiti cha pikipiki nikibadilishe ngozi aliniuliza kama kuna mtu anaumwa.

Wewe ulieleza mpango wako vizuri sana, siwezi kusema sikusikia. Wakati wa mavuno mashine za mchele za Bugarama zinaharibika ovyo, fundi wa kuchomelea anatoka mbali, mchele unalala nje unanyeshewa. Ukasema utaifufua hii karavani, utaweka kitanda mbele na mashine yako nyuma, utakaa pale pale penye kazi, na kazi ikihamia kwingine utaifuata. Papa yako akauliza juu ya ekseli. Mimi niliuliza juu ya rangi ya mapazia. Unaona? Ulisema "nyumba ya kutembea", na masikio yangu yalichukua "nyumba", yakaiacha "ya kutembea" mlangoni.

Kwa hiyo nilianza mwisho. Wewe ulikuwa bado unabandua mbao za ndani zilizooza, zile nyembamba za tripleksi, unazitoa vipande vipande kama keki mbaya, na mimi nilikuwa nimeshakata sponji. Nilishona mito ya benchi zote kwa ngozi bandia ya kijani, nikaweka uzi mweupe pembeni, kazi ambayo sijawahi kumfanyia mteja. Ukaniambia, "Maman, subiri dari." Nikakwambia dari ni kazi yako, mito ni kazi yangu. Nikaipanga ndani, nikafunga mlango, nikaalika Maman Zawadi aje aone.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Tulipofungua, sponji ilikuwa imekunywa maji yote ya dari, na ule uzi wangu mweupe ulikuwa na ukungu mweusi. Ulisema "Pole, Maman," ukanisaidia kuibeba nje. Ningependa ungenigombeza. Nilikaa karibu na ile mito nikalia, nawe ukadhani nalilia ngozi.

Nilililia kitambaa kingine, na hiki sijawahi kukusimulia sawasawa. Nyogokuru wako, mama yangu, alipokuwa anatulea Bukavu, alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cha makochi, chekundu, kizito, chenye maua ya dhahabu. Sisi tulikalia viti vya mbao tupu. Nikimuuliza kwa nini tusikishone, anasema, "Hapa siyo kwetu. Tutashona tukifika kwetu." Kwetu kulikuwa huku tunakoishi sasa, ng'ambo ya mto, ukisimama juu ya kilima unaona moshi wa jikoni za watu wa huku. Nilikua nikiangalia huo moshi. Nilijifunza kushona kwa ajili ya hicho kitambaa, ndiyo kweli. Tulipovuka mwishowe na kupata nyumba, mama alifungua sanduku mbele yetu wote, akashika ncha mbili akakikung'uta. Kikakatika. Kilikatika kila mahali kilipokuwa kimekunjwa, mstari kwa mstari, kikabaki vipande mikononi mwake. Alikunja vile vipande, akavirudisha sandukuni.

Tangu siku ile niliapa kwamba kwangu hakuna kitu kitakachokaa kimefungwa kikisubiri safari. Na niliapa jingine kimyakimya, kwamba sisi basi, tumefika, hakuna mtu wangu atakayehama tena. Unaijua nyumba yetu. Benchi la barazani nimelijengea na saruji. Kabati nimelipigilia ukutani. Pipa la maji nimelizungushia matofali. Papa yako husema bahati yake ni kwamba anaamka mapema, angechelewa kidogo angekuta ameshapigiliwa misumari. Wewe ulikuwa unacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, lakini nyundo sikuiweka chini.

Kosa la pili ni la yale matundu.

Uliziba dari, nikasifu. Ukabadilisha mbao za ukuta, ukapiga riveti mpya mstari mzima, nikashika ngazi. Siku moja ukiwa kazini, nikaona chini ya kila dirisha, kwenye ile reli ya alumini, kuna matundu madogo madogo. Nikasema, masikini, mtoto wangu kachoka, haya hakuyaona. Nikachukua bomba la silikoni nikayaziba yote, moja moja, nikalainisha kwa kidole chenye mate. Nilijivunia sana. Sikukwambia, nilitaka uone mwenyewe kwamba karavani haivuji na ujue kuna mtu anakusaidia.

Masika yalipoisha ukuta chini ya dirisha ulikuwa umevimba. Ukabonyeza, kidole kikaingia mpaka mwisho. Ukafungua ubao, ndani mlikuwa na uyoga, Riziki, uyoga wa kweli, mweupe, unaota kwenye mbao ulizoziweka mwenyewe. Ukaangalia nje, ukaona silikoni yangu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na kikombe cha chai. Ukachukua msumari mwembamba ukatoboa tundu la kwanza, na maji ya kahawia yakatoka yakimwagika kwenye viatu vyako. Ukatoboa la pili. Hukugeuka. Ulisema tu, "Maman, maji itaingia, ni lazima iingie. Haya matundu iko ya kuitosha inje."

Nilirudi kwenye mashine yangu ya kushonea na sikushona. Nilifikiria tangu lini umeacha kunisimulia mambo ya kazini. Zamani ulikuwa unaingia hata viatu hujavua, unaanza: yule bosi alisema hivi, yule kijana aliniambia mwanamke hawezi kusimama juu ya ngazi na moto mkononi. Na mimi kila ukifungua mdomo naziba. Wewe unasema umechoka, mimi nasema acha hiyo kazi. Wewe unasema umeogopa, mimi nasema si nilikwambia. Hukutaka fundi, ulitaka sikio. Ukaacha kusimulia, nami nikadhani mambo yako sasa ni mazuri kwa sababu hayavuji. Iliniuma sana kulijua hilo, na linaniuma hata sasa nikiliandika.

Ungefikiri baada ya hapo nilipata akili. Weh!

Uliitwa Bugarama, mashine moja ilikuwa imepasuka, ukakaa kule siku kadhaa. Karavani ilikuwa karibu kuisha. Ekseli mpya ulikuwa umeshaichomelea. Nilitoka asubuhi nikaiona imesimama kwenye magurudumu yake, imeinua shingo kuelekea barabarani, kama inayotaka kuondoka. Nikaita vijana wa mtaani. Wakainyanyua, tukaweka matofali chini, tukatoa magurudumu. Mlangoni nikamwagia ngazi ya saruji, ngazi nzuri, nikachora mistari kwa mwiko ili mtu asiteleze. Magurudumu nikampa Bosco, yule wa pusi-pusi, anayesukuma mizigo ya wafanyabiashara pale mpakani, kwa sababu mkokoteni wake ulikuwa unayumba. Nikajiambia ni sadaka. Papa yako alirudi kutoka kazini, akaangalia matofali, akaniangalia, akaenda kulala bila kula.

Ulipofika hukupiga kelele. Ulizunguka karavani, ukachuchumaa, ukaweka mkono pale gurudumu lilipokuwa. Ngazi yangu ya saruji hukuitazama hata.

"Mapine iko wapi?"

Nikasema nilitaka upate fasi yako nzuri hapa nyumbani, uwe na mlango wako, uingie na kutoka unavyotaka.

"Maman, mi niko muntu muzima, na umeniweka ku matofari."

Ukaingia ndani. Kuanzia siku hiyo ulinisalimia, ulikula, uliosha vyombo, na hukuigusa karavani tena. Kuku wa Maman Zawadi wakaanza kulala chini yake. Nilikuwa nimeshinda, na sikuwahi kuwa na huzuni kama ile ndani ya nyumba hii. Nilikuona umekaa barazani kwenye benchi langu la saruji, mikono imelala mapajani, ile mikono ambayo haijawahi kukaa bure, nikaogopa. Niliona umekunjwa kama kile kitambaa cha mama.

Ndipo papa yako aliponiambia kitu, na unajua yeye si mtu wa maneno. Nilikuwa nasema yale yale, kwamba Riziki anataka kuhama, Riziki atahama, watoto wa siku hizi wanahama tu. Akasema, "Wewe una neno moja tu. Mtu akienda sokoni, kwako amehama. Akioa, amehama. Wewe ulihamishwa, mama yako alihamishwa. Huyu anaenda kazini. Tafuta neno lake."

Nilimwambia aniache. Lakini asubuhi nikafunga kitenge kiunoni nikashuka mpakani kumtafuta Bosco.

Sehemu hii sijakusimulia yote, kwa sababu ya aibu. Nilimkuta kwenye foleni ya daraja, mkokoteni umejaa magunia ya vitunguu mpaka juu, na chini yake magurudumu yako yanameremeta. Nikasimama mbele yake.

"Bosco, nipe mapine yangu."

"Maman Riziki! Muntu anapewa zawadi, halafu kesho bananyang'anya?"

"Ni ya mtoto. Nilitoa kitu ambacho si changu. Shusha mizigo."

"Nishushe wapi? Ku daraja? Hii vitunguu iko na benyewe!"

Mwenye vitunguu mwenyewe alikuwa pale, mama mmoja wa Bukavu, mnene, ana sauti ya kanisani. Akasema, "Maman, kama unataka mapine yako, sukuma nayo. Tukifika ng'ambo tunapakua, unayibeba. Si ni haki?" Foleni nzima ikacheka. Wengine walikuwa na mabeseni ya samaki kichwani na bado walicheka, samaki wakicheza.

Nikasukuma. Eh Mungu wangu, nikasukuma, mimi Maman Riziki, fundi wa makochi, na kitenge cha Jumapili. Nilionyesha kitambulisho, nikashika upande wa kushoto, Bosco wa kulia, tukaingia darajani. Nilidhani itakuwa nzito. Ikaenda. Zile beringi ulizozipaka grisi mwenyewe, Riziki, hazikulia hata kidogo. Katikati ya daraja nikaangalia chini, mto uko vile vile, nikakumbuka nilivyovuka hapa msichana, nimeshika mkono mmoja wa sanduku la bati na mama ameshika mwingine, hatuongei. Siku ile sikuthubutu kugeuka nyuma. Safari hii nilikuwa nasukuma vitunguu na yule mama ananiuliza bei ya kushona kochi la watu watatu.

Tulipakua Bukavu. Nilikunywa soda. Nilisalimiana na mwanamke niliyesoma naye, amekuwa na mvi kama mimi, tukashikana mikono tukapiga kelele. Jua halijazama nikarudi na Bosco na mkokoteni mtupu, kwa daraja lile lile, pamoja na wale wale wenye mabeseni. Wote walikuwa wanarudi nyumbani. Wanavuka asubuhi, wanarudi jioni, maisha yao yote, na hakuna hata mmoja anayesema amehama. Nimeishi karibu na lile daraja miaka yote hii, na nilikuwa sijaliona.

Bosco nilimpatia magurudumu mengine kwa fundi wa matairi wa pale kona, ambaye nilimshonea kiti. Yako nikayapandisha kilima nikiyabingirisha moja moja, moja linanikimbia, watoto wanalikimbilia. Uliporudi kazini ulinikuta kiwanjani nayasugua kwa sabuni. Uliniangalia na kitenge changu kimejaa grisi, ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye matope. Halafu ulilia, nami nikalia, na Maman Zawadi akachungulia juu ya ukuta akauliza nani amekufa.

Magurudumu tuliyarudisha, tukayawekea yale mawe mawili, na ile ngazi ya saruji tuliivunja wote wawili. Ilikuwa ngumu. Ninajua kuchanganya saruji, hilo usinibishie.

Basi ndiyo hayo. Siandiki ili unihurumie, na siandiki ili ufanye kinyume cha kila nilichofanya. Utakuwa na makosa yako, mapya, ambayo hata siyajui majina. Ukiniuliza nimejifunza nini, siwezi kukupa kitu kilichofungwa vizuri. Najua tu kwamba mito hii ninayoikalia sasa, ya bluu, niliishona ya mwisho, wakati dari ilikuwa imeshapita masika mengine bila tone, na kwamba nilipokuwa naishona sikuwa na haraka wala hasira. Na najua naogopa. Naogopa usiku utakaolala kule peke yako, naogopa mtu atakayegonga mlango, naogopa zaidi kwamba utakuwa na furaha na utasahau kupiga simu. Nikuambie ukweli wote: kuna asubuhi nimeomba bosi wa papa yako akatae kutoa pikapu. Mungu hakunisikiliza, aksanti kwake.

Ukiwa kule nisimulie. Umechoka, umeogopa, umegombana na mtu, simulia. Nitajitahidi kufunga mdomo. Ukisikia nimeanza, "Si nilikwambia," sema tu "silikoni", nitaelewa.

Mvua imepungua. Nimekagua dari kwa kiganja, kukavu. Nimefungua dirisha nikainama kuangalia yale matundu yako chini ya reli, na maji yanatoka kwa nje, tone kwa tone, kama inavyotakiwa.

Sasa jibu.

Nimetoka nje mara moja katikati ya barua hii, ndiyo maana karatasi ina tope. Mawe nimeyatoa, Riziki. Nimeyatoa mwenyewe, yote mawili, kwa mikono yangu, papa yako akiwa amesimama na mwavuli wake na nyundo yake mfukoni, hasaidii, kwa sababu nilimkataza. Karavani haikwenda popote. Nilikuwa nimeogopa itakimbia, nikaishika, mimi mjinga, nimelikumbatia bati na mvua inanipiga kichwani. Ikatikisika kidogo ikatulia.

Unayakumbuka yalikotoka? Yalibaki tulipojenga msingi wa nyumba hii. Fundi alitaka kuyatupa, nikayakataa, nikasema mawe ya msingi hayatupwi. Yamekaa kiwanjani miaka yote, umeyakalia ukiwa mdogo, umepasulia karanga juu yake.

Nimeyaosha nikayaweka ndani, chini ya kitanda chako, nimeyafunga kwa kitenge kile cha grisi ili yasigonge ukuta njiani. Ukifika Bugarama, ukapata pahali panapokupendeza, utayaweka wewe mwenyewe chini ya mapine. Na ukichoka na pahali hapo, ama ukitamani maharagwe yangu, hutamsubiri mtu. Utayatoa.

Naenda kuweka hayo maharagwe motoni sasa, kweli kweli. Uje ule, kesho unaenda kazini.

Ni miye,
Maman